Mwalimu wa Jioni na Siku ya Thalathini

Mtu wa Mombasa akitaka kukueleza habari za mtu huanza na mama yake, kisha nyanya zake wawili, kisha mtaa waliotokea, na mpaka afike kwa mwenyewe chai imepoa. Mimi nitayaruka hayo. Mwalimu wa Jioni mwenyewe hakuyapenda. Ukimwuliza kwao ni wapi alikujibu, "Kwani wataka kuniposa?" Basi nitaanza naye pale nilipomjua mimi, mtaani Shika Adabu, Likoni, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, rula mkononi, anapanga mwaka.

Mwaka aliupanga kwa magoti. Kila Desemba, shule zikishafungwa, alikusanya kalenda kuukuu za ukutani, zile ambazo wenye maduka huwapa wateja, akazigeuza nyuma na kuziunga nne kwa gundi mpaka zikawa karatasi moja pana kama mkeka. Hapo ndipo alipochora visanduku vya siku, mia tatu sitini na tano, kwa mkono, ingawa kocha wetu alimwambia kila mwaka kwamba simu yake inaweza kuvitoa vyote kwa dakika moja. "Simu yako yajua lini watoto wa bara wapanda treni Miritini kwenda kwao?" alimwuliza. Kocha akairudisha simu mfukoni.

Klabu yetu ya baada ya shule watoto waliiita Jioni tu, na ndiyo maana naye akaitwa Mwalimu wa Jioni. Ilikuwa vyumba viwili na uwanja wa mchanga wenye ukuta na lango la chuma. Tulifungua saa tisa unusu, shule zikitoka, na kufunga kabla ya maghrib. Ndani ya saa hizo kulikuwa na masomo ya ziada, kandanda, ushonaji, maigizo, na fujo. Watoto walikuwa wa kuanzia miaka kumi na miwili mpaka kumi na saba, Waislamu na Wakristo, wa wenyeji na wa watu waliokuja kufanya kazi bandarini na viwandani. Mwalimu alishaacha kufundisha shule ya serikali. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina mwandiko mzuri na sina kazi, akanifanya katibu.

Alikuwa na imani moja tu kuhusu malezi, nayo aliirudia mpaka ikachosha. Mtoto hapotei darasani, alisema, wala hapotei kwao. Hupotea katikati. Kwa hiyo kalenda kwake haikuwa orodha ya shughuli. Ilikuwa msako wa matundu. Alipita kisanduku kwa kisanduku na kidole chake chenye hina iliyofifia akiuliza, "Hapa wako wapi? Na hapa?" Kwanza aliandika kwa wino yale yasiyosogea: shule kufunguliwa, shule kufungwa, mitihani, Krismasi. Kisha kwa penseli akaandika yale yanayongoja mwezi: Ramadhani, Idd mbili, Maulidi. Kwa penseli pia aliandika mgomo wa walimu, wiki mbili kamili katika muhula wa tatu, bila mtu yeyote kuutangaza. Agosti aliandika "harusi" kwa mshazari, juu ya mwezi mzima, maana wasichana wote wangetoweka kwenda kupakwa hina na kucheza na wangerudi wamesahau hata majina yao. Mara nyingi mgomo ulikuja kweli, akatutazama kama aliyeuitisha yeye.

Mtu aliyepanga mwaka wa watu wengine hivyo hakuwa na saa mkononi. Alichelewa kila mahali isipokuwa Jioni. Harusini alifika watu wakinawa mikono baada ya kula, mazikoni akakutana na jeneza linatoka. Hakusifu mtu. Mtoto akimletea daftari lenye alama nzuri aliliangalia, akaligeuza, akasema, "Haya, na jalada lako limefanywa nini?" Mtoto akilia hakumbembeleza. "Lia upesi umalize," alimwambia, "twaanza saa kumi." Ajabu ni kwamba walimpenda, na walimaliza kweli kabla ya saa kumi.

Nilimwogopa. Nilimpenda pia, lakini hofu ilitangulia, na baadaye ikapata sababu yake.

Jambo jingine la kumhusu ni bahari. Mwanamke wa Likoni, anayevuka na feri tangu tumboni, aliogopa maji. Ndani ya feri alisimama katikati kabisa, mkoba ameubana kwapani, macho kwenye gurudumu la lori lolote lililokuwa karibu, mpaka tukagusa ng'ambo. Tulimcheka kisirisiri. Halafu, akikaribia miaka sitini, alianza kujifunza kuogelea. Alikwenda ufuoni Jumamosi asubuhi na suruali ndefu chini ya dera, akamshika kocha mabega, akaingia akisoma kila dua aijuayo. Ilimchukua miezi mingi. Alikunywa maji, alitapika, alimtukana kocha na ukoo wake wote. Alipoweza kuelea aliweka kuogelea kwenye kalenda, kwa wino, kwa kila mtoto, wa kike na wa kiume, na mzazi aliyekuja kulalamika aliambiwa amtoe mwanawe. Mwaka huo ndipo alipoanza pia kuandika maji. Chini ya kila kisanduku aliweka alama ndogo: bamvua, maji yakiwa makubwa kupita kawaida, maji mafu, yakiwa madogo, saa ya kujaa, saa ya kupwa.

Wageni waliona ni kichekesho, bibi wa kuelea. Sisi wa zamani hatukucheka tena, kwa sababu tulijua alianza lini.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo wageni hawakuyaelewa. Kwenye rejista, nambari kumi na saba haikuwa na jina. Kila Januari mimi niliinakili upya, kumi na sita, mstari mtupu, kumi na nane, na kila Januari kalamu ilikataa kidogo kwenye mstari ule. Watoto wapya walitunga hadithi zao. Wengine walisema ukijibu "nipo" kwenye kumi na saba unasikia mtu mwingine amejibu nawe. Mwalimu alipoita majina alifika hapo, akanyamaza muda wa kutamka jina, akaendelea. Alfajiri nyingine naamka nikiusikia ule ukimya kuliko ninavyosikia sauti yake.

Na kulikuwa na visanduku. Zamani kila kimoja kiliandikwa shughuli. Sasa kiliandikwa pia jina la mwenye kufungua lango, na chini yake jina la pili, iwapo wa kwanza atashindwa. Jina langu liko kila mahali kwenye kalenda zile. Naaminiwa mwaka mzima. Lakini kuna siku moja ambayo hakunipa ufunguo hata mara moja, nayo ni siku ya thalathini ya Ramadhani, ile inayokuwapo mwezi usipoonekana. Siku hiyo aliandika jina lake juu na jina lake tena chini. Alikuja tangu adhuhuri na saumu yake, akaweka kigoda langoni, akakaa.

Nilijiambia ananipa nafasi nisherehekee na watu wangu. Mtu hujiambia mengi.

Mtoto wa nambari kumi na saba aliitwa Mwende. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto pekee wa mama aliyefanya kazi kiwandani Changamwe, watu wa Ukambani. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa hesabu. Alinipenda mimi kwa sababu nilimsuka nywele wakati wa kusubiri mvua, na mama yake akanipenda kwa hiyo hiyo.

Nyumbani kwetu, baba yangu ni katika wale wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani. Majirani zetu wengi hungoja mwezi uonekane huku kwetu. Kila mtu wa pwani anayajua haya na hakuna anayegombana sana, isipokuwa siku moja kwa mwaka ambapo nyumba moja inapika pilau na ya pili bado imefunga, na harufu inapita juu ya ukuta. Mwaka ule Idd ilikuwa imeandikwa kwa penseli, kama kawaida. Kanuni ilikuwa wazi, hata watoto waliijua kwa moyo: mwezi usipoonekana, Jioni iko. Mwalimu alikuwa Kisauni kwa dada yake aliyekuwa hajiwezi, akimwuguza siku za mwisho za mfungo. Tangazo lilipotoka alinipigia.

"Mwezi haukuonekana. Kesho kama kawaida, mwanangu. Ufunguo unao?"

"Abee, Mwalimu. Ninao."

"Saa tisa unusu."

"Inshallah."

Kesho yake, kwetu ilikuwa Idd. Nilikuwa na nguo mpya. Shangazi zangu walikuwa wamekuja, sinia zimepangwa ukumbini, na mimi ndiye niliyekuwa nagawa pilau. Saa tisa ilipita nikiwa na mwiko mkononi. Nilikumbuka. Nataka hilo lijulikane, kwamba sikusahau. Nilikumbuka, nikajiambia, nani atakuja siku ya thalathini, watoto wamefunga, wamechoka, wamelala. Nikala. Nikala tena. Nilipofika langoni ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, na kwenye kufuli kulikuwa na mkoba wa shule umening'inizwa kwa ukanda wake.

Watoto walikuja wanne. Waligonga, wakangoja ukutani, kisha mmoja wao akasema twende ufuoni tukapunge upepo mpaka watufungulie. Mwende aliacha mkoba wake langoni ili nikija nijue kwamba wapo. Mwezi mpya unapotaka kuandama ndipo bahari inapokuwa na bamvua, na bamvua kwetu hujaa alasiri. Sisi tulikuwa tumeutazama mwezi kwa ajili ya mfungo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameutazama kwa ajili ya maji. Waliingia mpaka magotini tu, wale watatu walisema. Watatu ndio waliorudi.

Mwalimu alifika kabla ya futari, ametoka Kisauni mpaka kivukoni na kuvuka bila kuongea na mtu. Alinishika mikono yote miwili. Kisha akaniachia, akaenda kwa mama yake Mwende.

Baada ya mazishi wazazi waliitisha mkutano uwanjani. Mama Mwende hakukaa. Aliuliza swali moja, kwa sauti ndogo, tena kwa heshima.

"Mimi nauliza tu. Ufunguo ulikuwa na nani?"

Mimi nilikuwa safu ya pili. Nilifungua kinywa, wallahi nilikifungua.

"Kalenda ni yangu," Mwalimu akasema, "na lango ni langu. Lilikuwa juu yangu mimi, mama."

Nikakifunga kinywa. Nilifikiri nitasema jioni ile, mambo yakitulia. Kisha nikafikiri nitasema arobaini ikipita. Imepita miaka minane.

Katika miaka hiyo minane, Mama Mwende hakumjibu Mwalimu salamu. Sisi watu wa pwani tunaweza kunyimana mengi, lakini salamu ni kitu kizito. Walikuwa wakipishana karibu kila siku njia ya kivukoni, mmoja anatoka zamu, mmoja anakwenda kufungua. "Hujambo, Mama Mwende," Mwalimu alisema, tena alisimama kabisa, akangoja muda wa mtu kujibu. Yule alipita kama anayepita mti. Kesho tena: "Hujambo, Mama Mwende." Nilimwambia siku moja aache, anajidhalilisha. "Simwamkii anijibu," alisema. "Namwamkia ajue niko hapa." Mimi nilipokutana na Mama Mwende alinishika bega. Bakuli nililompelekea chakula alinirudishia likiwa na maharagwe. Alikuja kwenye harusi yangu akacheza, akaniita mwanangu, na picha ile sijaweza kuitundika.

Desemba iliyopita Mwalimu hakuweza tena kupiga magoti. Miguu ilikuwa imevimba, sukari imempanda, na daktari alimkataza ngazi, chumvi na kugombana. Aliniita nyumbani kwake tupange mwaka. Nilimkuta kitandani, mto mgongoni, karatasi imetandikwa juu ya mapaja yake mpaka ukutani. Hakuwa amechora hata kisanduku kimoja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Mwaka huu wachora wewe. Na si mwaka huu tu."

Nikajua ananikabidhi. Nilishika rula, nikachora Januari. Nilichora Februari. Tulipofika Ramadhani akaniambia niandike kwa penseli, kama vile sijui, kisha kidole chake kikasimama kwenye siku ya thalathini, iliyokuwa inangoja majina mawili, na yeye hangeweza tena kukaa kwenye kigoda. Alikitazama kisanduku kile. Mimi nikamtazama yeye.

"Mwalimu," nikasema. "Siku ile nilikumbuka. Sikusahau ufunguo. Nilikuwa nyumbani nala."

"Pilau," akasema.

Nikalaza penseli juu ya karatasi.

"Nilikuwa nimefunga siku thalathini," akasema polepole. "Mtu aliyefunga pua yake i macho. Nilipokushika mikono ile alasiri ilinuka bizari na samli mpaka kwenye kucha. Nikajua hukuchelewa njiani."

"Na hukusema."

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nikaona utasema mwenyewe kesho. Kesho ikawa mtondo, ikawa mtondogoo." Alivuta shuka. "Nilikukasirikia, usidhani. Miaka miwili mitatu nilikuwa nikikuona waja, najifanya natafuta chaki. Kisha nikazoea. Lakini Mama Mwende hakuzoea."

Nililia. Alinisubiri, hakuniambia nimalize upesi, na hilo liliniuma zaidi.

"Ntamwambia, inshallah," nikasema mwishowe.

"Inshallah ya kwenda, au inshallah ya kukaa?"

Nikaweka rula chini.

"Leo zamu yake yatoka mapema," alisema, akifumba macho. "Amerudi saa hizi. Penseli niachie."

Mama Mwende alinifungulia kabla sijabisha mara ya pili. Alikuwa bado na sare ya kiwandani, sufuria ya chai jikoni, redio chini chini. Alifurahi. Alinivutia kiti, akaniuliza watoto wangu hawajambo, akasema chai ni ya maziwa, nisimwambie eti siku hizi sinywi. Nikamwambia kabla hajamimina, kwa sababu nilijua nikishika kikombe chake mkononi sitasema. Nikamwambia simu ya usiku ule, na "abee" yangu, na nguo mpya, na mwiko, na kwamba nilikumbuka. Nikamwambia kwamba Mwalimu alijua.

Hakupiga kelele. Alisimama na kitambaa cha kushikia sufuria mkononi, akanitazama nywele, uso, kisha mikono. Alitazama mikono yangu muda mrefu sana.

"Miaka minane," akasema. "Nimekupikia."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite hivyo."

Alizima redio. Akachukua leso kwenye kamba, akajifunga, akatafuta viatu vyake chini ya kiti nilichokalia mimi, nikainua miguu avipate.

"Mwalimu yuko nyumbani?" akauliza.

"Yuko. Hawezi kutoka."

Sikujua, na mpaka leo ninapoandika hakuna hata mmoja kati yao aliyeniambia, kama alikuwa anakwenda kumwomba radhi kwa zile salamu zote, au kumwuliza ni haki gani aliyokuwa nayo ya kumficha mwenye mtoto jina la aliyekuwa na ufunguo. Uso wake ulibeba yote mawili. Alifika mlangoni, akasimama, hakugeuka.

"Wewe hutoki hapa," alisema. "Utangoja mpaka nirudi."

Akaufunga mlango kwa nje. Nilisikia komeo, kisha viatu vyake vikienda. Chai ilichemka ikamwagika, nikaenda kuizima, nikarudi kukaa kwenye kiti kile kile. Saa tisa unusu ilipita. Ikapita saa kumi. Nikangoja.